Maswali ya Wasomaji: Meno, Upepo na Matope

Barua za mwezi huu karibu zote zimekuja na jambo moja: tairi la matope. Zilizofanana tumeziunganisha, na ndefu tumezifupisha. Ukiona neno "upepo" linarudi kila mara, usidhani tumeishiwa maneno.

Ndugu wahariri, gari langu linashinda kwenye lami siku sita kati ya saba. Siku ya saba naingia shamba kwa njia ya udongo ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Wenzangu wananishauri nivae matairi ya matope yenye meno makubwa. Niwasikilize?
*Dereva wa siku sita*

Kwa matumizi hayo, hapana. Chukua tairi la njia zote, lenye ubavu mgumu.

Tairi la matope limeundwa kwa kazi ya kutupa tope. Meno yake ni machache, marefu, na yamekaa mbalimbali ili udongo uliobanwa katikati uchomoke gurudumu linapozunguka. Tairi la njia zote lina meno mengi yaliyokaribiana. Udongo unaonata ukishaziba mifereji yake, unabaki na duara laini lililopakwa tope, yaani kipara cha muda. Tofauti hiyo huonekana pale tope linapokuwa zito na lenye kina. Kwenye utelezi mwembamba juu ya ardhi ngumu tofauti ni ndogo kuliko sifa zinazoimbwa, na mara nyingine tairi la njia zote, kwa mikato yake mingi midogo, ndilo linaloshika vizuri zaidi.

Gharama yenyewe utailipa katika zile siku sita. Mpira unaogusa lami ni mchache, na mikato midogo usoni mwa meno, ile inayokata utando wa maji, ni michache au haipo kabisa. Kwa hiyo mvua ikinyesha, gari linahitaji masafa marefu zaidi kusimama. Meno marefu nayo huyumba chini ya uzito, ndiyo maana usukani unaonekana mlegevu kwenye kona. Halafu kuna kelele, mafuta, na kuisha haraka.

Jipime hivi: hesabu mara ulizokwama mwaka uliopita, kisha jiulize ni ngapi zilisababishwa na meno kuziba. Kama njia ya shamba imechimbika hadi difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, inalala juu ya udongo, magurudumu yananing'inia tu na hakuna meno yatakayokuvuta. Kama tatizo ni utelezi, kompresa ndogo na geji ya upepo vitakufikisha mbali kuliko tairi jipya.

Gari lilitoka kiwandani na 265/70R16. Nataka 285/75R16 ya matope. Fundi mmoja anasema yanaingia bila tatizo, mwingine anasema nitaharibu gari. Nani mkweli?
*Mwenye pikapu*

Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Tuanze na hesabu, maana namba za ubavuni zinasema karibu kila kitu. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi lako la sasa lina ubavu wa mm 185.5. Ukizidisha kwa mbili na kuongeza rimu ya mm 406.4 unapata kipenyo cha mm 777 hivi. Lile jipya linafika mm 834. Limezidi kwa asilimia 7.3.

Asilimia hiyo inagusa mambo mengi. Mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa, wewe unakwenda kama 107. Spidomita nyingi za kiwandani husoma juu kidogo, kwa hiyo kosa halisi linaweza kuwa dogo kuliko hapo. Linganisha na GPS ya simu upate jibu la gari lako. Kihesabu kilomita nacho kinahesabu pungufu. Kabla ya kulalamika kwamba gari limeanza kunywa mafuta, zidisha kilomita zake kwa 1.073, kwani sehemu ya malalamiko itayeyuka hapo hapo. Sehemu nyingine haitayeyuka, kwa sababu gia zote sasa ni ndefu kwa asilimia 7, injini inachoka mlimani, na kila gurudumu linaweza kuwa zito kwa kilo 7 hadi 10 zaidi ya awali. Breki ndizo zinazobeba nyongeza hiyo.

Kimo unachokipata chini ya difu ni nusu tu ya tofauti ya vipenyo, yaani mm 28. Wengi hutarajia zote 57.

Kuhusu kuingia, pima mambo matatu kabla hujatoa fedha. La kwanza ni upana wa rimu: 285/75R16 inataka rimu ya inchi 7.5 hadi 9, na rimu nyingi za kiwandani za pikapu ni inchi 7. La pili ni nafasi. Usiridhike gari likiwa limesimama pale gereji na usukani umenyooka. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kitu kirefu mpaka springi ibanwe, kisha zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Tairi husugua nyuma ya tao la bodi au kwenye chesi, na husugua zaidi ukirudi nyuma huku umekata kona. La tatu ni spea. Kwenye pikapu inakaa chini ya bodi, na tairi la mm 834 mara nyingi halienei pale. Tairi la akiba la kipimo kingine si akiba.

Usisahau namba ya mzigo. 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Ukiona namba mbili, kwa mfano 120/116Q, ya kwanza ni ya gurudumu likiwa peke yake na ya pili ni ya magurudumu pacha. Herufi Q inaweka kikomo cha kilomita 160 kwa saa. Kamwe usishuke chini ya namba ya mzigo iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, hata tairi likiwa na sura ya kutisha kiasi gani.

Tairi jembamba au pana kwa matope?
*Mbishi wa kijiweni*

Inategemea kama tope lina sakafu. Kama chini ya sentimita 20 za uji kuna udongo mgumu, jembamba linakata uji na kufika panaposhikika. Ndiyo sababu 235/85R16 na ile ya zamani ya 7.50R16 bado zina wapenzi. Kama ni kinamasi kisicho na mwisho, jembamba linatitia moja kwa moja, na pana lenye upepo mdogo linaelea. Ingiza fimbo kabla ya kuingiza gari. Fimbo ikigonga sakafu, ubishi umekwisha.

Wadau, naomba namba kamili za upepo: lami, vumbi, matope. Kila mtu ananipa yake.
*Dada wa 4x4*

Dada, kila mtu anakupa yake kwa sababu kila gari lina uzito wake. Tutakupa mahali pa kuanzia na njia ya kujipatia namba zako mwenyewe.

Barabarani, kibandiko cha upepo cha mlangoni kiliandikwa kwa tairi la kiwandani. Ukivaa tairi lenye herufi LT, lile la magari ya mzigo, linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Kibandiko kikisema psi 29 (psi ni kipimo cha upepo, na namba zetu zote ni za psi), tairi la LT linaweza kudai 35. Jaribu hivi: pima asubuhi tairi likiwa baridi, endesha kama dakika 45 kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima tena papo hapo. Upepo ukipanda kwa psi 4 hadi 6, uko sawa. Ukipanda zaidi ya hapo, tairi linakunjika mno na kujipasha joto, kwa hiyo ongeza. Ukipanda kidogo tu, limejaa kupita kiasi, kwa hiyo punguza. Na usipime mchana juani kisha ukaogopa. Joto likiongezeka kwa nyuzi 6 hivi, upepo hupanda karibu psi 1 bila wewe kufanya lolote.

Kwenye vumbi na changarawe shuka hadi kama 26 au 28. Mitetemo inapungua, na mawe makali yanakutana na mpira unaobonyea badala ya mpira uliokaza.

Kwenye matope anza na 22. Ikishindikana, 18. Tairi likilegea, alama yake ardhini inarefuka, na inarefuka zaidi kuliko inavyopanuka, hivyo meno mengi yanauma kwa wakati mmoja na ya ubavuni yanaanza kufanya kazi. Chini ya 15 kwa rimu za kawaida unacheza na hatari: ukingo wa ndani wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona ndani ya mfereji, na kuurudisha katikati ya tope ni adhabu. Tope lenye visiki au mawe yaliyojificha halitaki ushuke sana pia, maana ubavu unatuna nje na ndio unaochanika.

Ukiwa na psi 20, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa. Ukiwa na 18 kushuka chini, 30 inatosha. Wengi huharibu tairi hapa. Hawaliharibu ndani ya tope. Hulimaliza baada ya kutoka, wanapofululiza lami "mpaka kituo cha mafuta" na upepo mdogo. Ubavu unakunjika mara mamia kwa dakika, joto linapanda, na tabaka za ndani zinaanza kuachana. Siku hiyo hutaona kitu. Utakuja kuona uvimbe wiki kadhaa baadaye, na utamlaumu aliyekuuzia.

Ndiyo maana kompresa si anasa. Tairi la 265/70R16 likitolewa 18 na kurudishwa 35 linahitaji, kwa makadirio, lita 70 hadi 80 za hewa. Kompresa iliyoandikwa lita 70 kwa dakika haitamaliza kwa dakika moja, kwani namba hiyo hupimwa ikipuliza hewani bila kizuizi. Hesabu dakika tatu hivi kwa tairi, injini ikiwa inaunguruma, na nyaya zikiwa zimebanwa kwenye betri yenyewe. Tundu la kuwashia sigara litaunguza fyuzi.

Nimevaa matairi mapya ya matope pande zote nne na bado nakwama palepale nilipokuwa nakwama na ya zamani.
*Aliyekata tamaa*

Tunadhani unaingia polepole mno, kwa gia ya kwanza ya 4L, ile 4x4 ya gia nzito, kwa sababu ulifundishwa kwamba gia nzito ndiyo salama. Kwenye mawe ni kweli. Kwenye tope meno hujisafisha kwa kasi ya mzunguko, na gia ya kwanza ya 4L haizungushi gurudumu kiasi cha kutupa udongo. Ingia na ya pili au ya tatu ya 4L. Kama gari lina loku ya difu ya nyuma, ile inayolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ifunge kabla ya kugusa tope, si baada ya kukwama. Shika mwendo mmoja. Mwendo ukianza kufa, yumbisha usukani kushoto na kulia, kama robo mzunguko kila upande, ili meno ya ubavuni yapate kuta mpya za kuuma.

Kisha kuna jambo ambalo mikono inakataa kulitii: gari likisimama huku magurudumu yanazunguka, ondoa mguu. Kila sekunde ya kuzungusha bila kusogea inachimba, na meno makubwa huchimba haraka kuliko madogo. Tairi la matope humzika dereva mwenye hasira upesi sana. Rudi nyuma kwenye alama zako ulizokwisha kuzikandamiza, shusha psi 3 nyingine, jaribu tena. Difu ikishalala juu ya udongo, acha tairi na uchukue sepetu.

Kila nikitoka shamba usukani unatetemeka nikifika kilomita 80 kwa saa. Nimebalansi mara mbili mwezi huu.
*Mtetemekaji*

Osha ndani ya rimu. Tope likikaukia upande wa ndani, karibu na breki, linaweza kuzidi vipande vyote vya risasi alivyobandika fundi. Lala chini na mpira wa maji, zungusha gurudumu, ondoa hata kile kijipande kigumu pembeni. Mtetemo ukibaki baada ya hapo, mwombe fundi akague nukta ya njano ubavuni mwa tairi. Inaonyesha upande mwepesi, na inatakiwa ikae sambamba na valvu. Tairi la matope likihitaji risasi nyingi kupita kiasi, ligeuzwe nusu mzunguko juu ya rimu kabla ya kuongeza risasi.

Mwanzoni yalivuma kidogo. Sasa, baada ya kilomita 20,000, ni kama nina ndege ndani ya gari. Ndiyo kuzeeka?
*Baba wa watoto wenye masikio*

Mzee, kuvuma kidogo ni kawaida: kila jino linapiga lami, na hewa iliyonaswa kwenye mifereji inabanwa na kuachiwa. Watengenezaji hutofautisha ukubwa wa meno ili sauti isijikusanye kwenye noti moja. Kuvuma kunakoongezeka ni habari nyingine. Pitisha kiganja juu ya tairi kuelekea mbele, kisha kuelekea nyuma. Upande mmoja ukiteleza na mwingine ukikwaruza kama msumeno, kila jino limelika kisigino au kidole, yaani ukingo wake mmoja kuliko mwingine. Chanzo chake cha kawaida ni kukaa mahali pamoja muda mrefu bila kubadilishana nafasi, na upepo pungufu huzidisha.

Badilisha nafasi kila kilomita 8,000, au 5,000 kama lami ndiyo njia yako kubwa. Ya nyuma yaende mbele moja kwa moja, ya mbele yaende nyuma kwa kukatizana. Spea nayo iingie kwenye mzunguko: iende nyuma kulia, na lile ambalo lingekaa pale liwe spea. Ukifanya hivyo yote matano yanazeeka pamoja, na siku ya pancha hutavaa tairi refu kuliko wenzake. Kama tairi lina mshale wa mwelekeo ubavuni, usikatize. Badilishana mbele na nyuma upande uleule. Kaza nati kwa kipimo cha kitabu na uzikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kiganja kikikuta mabonde yanayojirudia badala ya msumeno, tazama shokapu na balansi. Bega la ndani likiisha peke yake, ni alaimenti. Msumeno uliokwisha kuchongeka hauondoki kwa siku moja. Ukibadilisha nafasi, huenda ukapungua polepole, au ukabaki nao mpaka tairi liishe.

Naweza kuvaa mawili ya matope nyuma tu, kwa sasa?
*Mbana matumizi*

Kama kipenyo kinatofautiana na cha mbele, usithubutu kuweka 4x4. Ekseli mbili zitalazimishwa kwenda sawa huku magurudumu yanataka mizunguko tofauti, na mvutano unaishia kwenye gia boksi ndogo inayogawa nguvu. Gari lenye 4x4 ya kudumu linaumia hata kwenye lami, maana difu ya katikati haipati kupumzika. Vipenyo vikilingana, gari halitavunjika, lakini mvua ikinyesha nyuma itateleza kabla ya mbele. Subiri upate manne.

Nimepata matairi ya matope yaliyotumika, meno yamejaa karibu yote. Nikague nini?
*Mnunuzi*

Umri kwanza. Tafuta herufi DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, na muuzaji mjanja huuficha kwa ndani, kwa hiyo chungulia pande zote. Meno yaliyojaa kwenye tairi la miaka 9 yanaonyesha tu kwamba lilikaa. Mpira hukauka hata ukiwa stoo. Baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na miaka 10 ni mwisho bila mjadala. Likunje ubavu kwa mikono uone kama kuna nyufa ndogo chini ya meno. Ingiza mkono ndani utafute viraka na mikunjo, na unga mweusi wa mpira uliosagika. Unga huo ni ushahidi kwamba liliendeshwa bila upepo. Liache hapo hapo.

Alama ya mwisho wa tairi ni mm 1.6, lakini hiyo ni ya barabarani. Tairi la matope huanza na mm 13 hadi 15, na likishafika nusu ya hapo, kwenye tope zito halitofautiani sana na la njia zote.

Kisiki kimenichania ubavu, tundu kama la kidole. Fundi amelijaza nyuzi tatu za mpira na limeshika upepo. Niendelee nalo?
*Mwenye haraka*

Litoe barabarani. Nyuzi zile ni za uso wa tairi, sehemu ya katikati, kwa tundu lisilozidi mm 6. Hata huko ni za kukufikisha gereji, tairi livuliwe na lizibwe kwa ndani kwa kiraka chenye kigingi. Ubavu unakunjika kila mzunguko, na hakuna gundi inayovumilia hilo. Kama umekwama mbali na huna spea, nyuzi zikutoe kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Simama kila kilomita chache uguse ubavu. Ukiwa na joto kuliko ule wa gurudumu la upande wa pili, ngoja upoe kabla ya kuendelea.